Mtaa Utulie, Mpangaji Abaki
Mwaka 2016 jiji la Barcelona, Uhispania, lilianza kuyazuia magari yanayokatiza tu mitaa ya Poblenou, na 2018 ikafuata Sant Antoni, kandokando ya soko lake. Mkazi bado anaingia na gari, ila polepole, na njia humlazimisha kukata kona badala ya kunyoosha moja kwa moja. Njiapanda zilizojaa honi sasa zina mabenchi, miti na watoto wanaocheza. Lakini utulivu una bei: nyumba za mtaa kama huo ni chache, wanaozitaka ni wengi, na mwenye nyumba hulikumbuka hilo siku ya kuandika mkataba mpya.

Wapo wanaosema basi bora magari yabaki. Siwaungi mkono, huko ni kumpa maskini nafuu ya kodi ailipe kwa mapafu yake. Kinachotakiwa ni kutuliza mitaa mingi, utulivu usiwe anasa ya wachache, na papo hapo kumlinda mpangaji. Huko Vienna, Austria, takribani nusu ya wakazi huishi katika nyumba za manispaa au zenye ruzuku, hivyo mtaa ukipendeza si lazima wahame. Barcelona nayo ilitangaza 2024 kwamba itafuta leseni za nyumba za kupangisha watalii ifikapo mwishoni mwa 2028. Ni hatua sahihi, ingawa wapangaji waliihitaji mapema zaidi.