Sartre, Mudimbe na kijana anayeitwa vitani

Vijana wa Masisi na Walikale wanalijua swali hili: kundi lenye silaha linakutaka, na mama amebaki na wewe tu. Ufanye nini?

Mwaka 1945, mjini Paris, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alisimulia kisa kinachofanana nalo. Mwanafunzi wake alimwendea wakati wa vita. Kaka yake alikuwa ameuawa mwaka 1940, Wajerumani waliposhambulia. Je, aende Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa, au abaki na mama yake? Sartre alimjibu kwamba yeye ni huru, basi achague mwenyewe; hakuna fundisho wala ishara itakayochagua kwa niaba yake. Sartre hakumwamini Mungu, ingawa mama yake alitoka katika ukoo wa Kiprotestanti wa daktari mmisionari Albert Schweitzer.

Mkongomani aliyemsoma Sartre kwa makini ni V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941. Aliwahi kuishi utawani, kisha akafundisha chuoni Lubumbashi. Katika kitabu chake The Invention of Africa, cha mwaka 1988, alimwita Sartre mwanafalsafa wa Afrika. Hiyo si sifa tupu. Mwaka 1948 Sartre alikuwa ameandika utangulizi wa mashairi ya watu weusi yaliyokusanywa na Senghor, akiwatetea kwa nguvu, lakini pia akiwaeleza maana ya safari yao na mwisho wake. Anayekutetea anaweza pia kukusemea.

Lakini uhuru wa kuchagua Mudimbe hakuukataa. Mobutu alipomtaka aingie katika uongozi wa juu wa chama chake, MPR, alichagua uhamisho.

Kwetu, tuseme wazi: mtoto anayekamatwa njiani na kubebeshwa bunduki hakuchagua, na tusimhukumu kwa maneno ya Sartre. Mtu mzima anayemtuma, anayechangisha pesa za risasi, au anayelibariki kundi kwa sababu ni la kabila lake, huyo amechagua, hata akisema hali ilimlazimisha. Yoshua kule Shekemu aliwataka watu wazima wachague wazi, mbele ya wenzao.

Na hapo ndipo jibu la Sartre linapungua. Mwanafunzi wake alirudishwa kwenye uamuzi wake peke yake. Kijana wetu ana mchungaji, mashemasi, na wamama wa kanisa wanaoweza kumlimia mama yake shamba akilazimika kukimbilia Goma.