Ndimu Iacheni Kwenye Supu

Swali huja hivi: "Hii haina kemikali?" Mteja ameshika losheni, ameigeuza nyuma, ameona majina marefu, na sasa ananikodolea macho mimi mfamasia kana kwamba nimefumaniwa. Nikimjibu kwamba inazo, tena kuanzia maji yaliyotajwa mwanzo mpaka manukato yaliyotajwa mwisho, anairudisha kwenye rafu. Halafu ananifahamisha, kwa upole wa mtu aliyekwisha kunisamehe, kwamba yeye hutumia vitu vya asili tu. Usoni anapaka ndimu.

Leo nalijibu kwa maandishi, atakayeuliza tena nimkabidhi karatasi.

Ndimu imejaa kemikali. Kinachofaa kuulizwa kuhusu chochote kinachopakwa ni kemikali gani, kwa kiasi gani, na itakutana na nini ikishafika kwenye ngozi. Ndimu inafeli maswali yote matatu.

Tuanze na kiasi, maana watetezi wake wote huanzia kwenye vitamini C. Ni kweli vitamini C inafaa: hupunguza utengenezaji wa melanini, ile rangi ya ngozi, na husaidia kupunguza madhara ya jua. Lakini seramu zinazofanya kazi hiyo huwa na asilimia 10 hadi 20 ya asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe. Gramu 100 za ndimu zina takriban miligramu 30. Hiyo ni asilimia 0.03, chini ya sehemu moja ya 300 ya kilichomo kwenye seramu ya asilimia 10. Kilichojaa kwenye ndimu ni asidi sitriki, kiasi cha gramu 5 au 6 katika kila gramu 100, na ndiyo inayochoma unapopaka. Watu wakisikia inachoma husema inafanya kazi.

Ngozi nayo ina uchachu wake, pH ya karibu 5, unaosaidia tabaka la juu lizuie vijidudu na lisipoteze maji. Juisi ya ndimu iko kati ya pH 2 na 3. Kwenye kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo unajimwagia uchachu wa mara mia hadi elfu. Ukisugulia na sukari, kama video za mitandaoni zinavyofundisha, umejikwaruza kwanza, kisha umetia asidi kwenye mikwaruzo.

Hayo yote ningeyavumilia. Nisichovumilia ni psoraleni. Hili ni kundi la kemikali ambazo mndimu huzitengeneza wenyewe, bila kiwanda, na huwa nyingi zaidi kwenye ganda, kwenye yale mafuta yanayorukia vidole unapokamua. Zikikaa kwenye ngozi gizani hutaona kitu. Zikipigwa na mionzi ya jua aina ya UVA, ambayo hupenya hata kioo cha daladala, hujifunga kwenye DNA ya seli za ngozi na kuziumiza. Ngozi hujibu kwa wekundu na malengelenge, kisha kwa kumwaga melanini kwa wingi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani; mtu huona tu doa limetokea, jeusi tititi, pengine lenye umbo la mchirizi pale juisi ilipotiririka kuelekea shingoni. Doa hilo hukaa wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Anayekamua ndimu juani siku nzima hulipata mikononi bila hata kuwa na nia ya urembo.

Na kuna jambo ambalo wauza urembo hawalisemi. Miaka ya 1940 daktari wa ngozi wa Misri, Abdel Monem El Mofty, aliwatibu wagonjwa wa vitiligo, yale mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi, kwa psoraleni zilizotoka kwenye mmea unaoota bonde la Nile. Mgonjwa alipata dawa, kisha akakaa juani, na rangi ikaanza kurudi. Baadaye jua likabadilishwa kwa taa za UVA, na tiba hiyo ipo hospitalini mpaka leo, kwa vipimo vinavyoangaliwa kwa makini. Kwa hiyo anayejipaka ndimu asubuhi ili doa la chunusi limtoke, kisha akapanda bodaboda kwenda kazini, anafanya kwa kubahatisha kile ambacho daktari hukifanya kwa makusudi pale anapotaka ngozi iwe nyeusi.

Imani hii ya ndimu haifi, na sababu ni muda. Ukiiondoa ndimu kwa maji, uso unang'aa papo hapo: asidi imeondoa mafuta na seli kavu za juu, na ngozi iliyokereka huvimba kidogo ikaonekana nyororo. Doa huja siku kadhaa baadaye, wakati mtu ameshabadili sabuni, amekula chipsi na amelalia foronya ya wageni, kwa hiyo vya kulaumu anavyo tele. Halafu, na hapa ndipo mtu hutamani kuvua koti jeupe akaenda kuuza mitumba, analitibu doa hilo kwa ndimu. Msiniambie habari za bibi zetu. Bibi wa pwani ninaowafahamu mimi walijipaka liwa. Ndimu waliikamulia samaki.

Si kwamba kila cha asili ni kibaya. Gliserini, inayovuta maji kwenye ngozi, hutengenezwa hata kwa mafuta ya mimea. Mafuta ya alizeti hulinda ngozi kavu vizuri. Mafuta ya nazi yanafaa mwilini, ila mwenye chunusi asiyafikishe usoni. Ninachokataa ni kukipa kitu cheti cha usalama kwa sababu tu kilining'inia mtini.

Anayekimbia kemikali kwa upofu, isitoshe, hukimbilia pabaya zaidi: kopo la "mitishamba" lisilo na lebo, linalouzwa na dada wa saluni kwa kujuana. Makopo ya namna hiyo hukutwa na zebaki, haidrokwinoni, au klobetasoli, steroidi iliyo katika daraja la juu kabisa la ukali miongoni mwa zinazopakwa, ambayo kwa kawaida daktari haruhusu izidi wiki mbili mfululizo. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu mashavuni ambao ni mgumu mno kuondoka. Klobetasoli utaitambua kwa kuwa inaponya kila kitu ndani ya siku chache: chunusi, muwasho, madoa, fangasi. Fangasi hawajapona, wamefichwa, na wanaendelea kusambaa. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, vishipa vinaonekana, michirizi inatokea, na chunusi zinarudi na ukoo wao mzima.

Sasa vinavyofaa, haraka haraka, maana nafasi imeliwa na ndimu. Chunusi: asidi salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka kwenye mafuta na hivyo huingia ndani ya kitundu kilichoziba. Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi. Anza na asilimia 2.5, maana kuongeza nguvu huongeza zaidi muwasho kuliko faida, na tumia taulo jeupe kwani hupausha nguo. Adapalini usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, lakini si kwa mjamzito wala anayetafuta ujauzito. Retinoli na jamaa zake wote vivyo hivyo. Madoa: niasinamaidi ya asilimia 4 au 5, ambayo huzuia melanini isihamie kwenye seli za juu, au asidi azelaiki, ambayo hata mjamzito anaweza kuitumia. Ukavu: gliserini, yurea, seramaidi, na mafuta ya mgando juu yake ngozi ikiwa bado na unyevunyevu wa kuoga. Ongeza kimoja kimoja, usipange vitano kwa usiku mmoja. Chunusi na madoa vipe wiki 8 hadi 12, na usinipigie simu siku ya nne.

Bila kinga ya jua, dawa zote za madoa ni kupoteza hela. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, inayokadiriwa kuwa sawa na SPF (kipimo cha kinga ya jua) 13, lakini haitoshi kuzuia madoa yasikolee. Tafuta SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya losheni kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, rudia kila saa mbili ukiwa nje. Mwenye melasma, yale mabaka ya kahawia mashavuni, achague yenye rangi ya ngozi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia na mwanga unaoonekana. Kwa watu wenye ualbino suala hili ni la uhai, kwa kuwa jua huwaletea saratani ya ngozi. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa ajili yao.

Na wewe mwenye kopo lisilo na lebo, ambaye umelitumia miezi mingi, usiliache ghafla ukiwa peke yako nyumbani: kama lina steroidi, uso unaweza kuwaka moto na kuvimba, na utalirudia kwa hofu. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie ukweli, na uende na kopo lenyewe, hata kama limebaki tupu.