Folda Haina Kitu Ndani

Chukua filamu ya gigabaiti 4 iliyo kwenye kompyuta yako, iburute kutoka folda moja hadi nyingine katika diski ileile. Itahama kabla hujaachia kipanya vizuri. Sasa inakili filamu hiyohiyo kwenye flashi: una muda wa kuinjika chai na kuinywa. Mzigo ni uleule, na bado safari moja ni ya kufumba na kufumbua, nyingine ya kusubiri. Sababu ni kwamba mara ya kwanza hakuna kilichohama. Filamu imebaki palepale ilipokuwa kwenye diski, na kilichobadilika ni mistari michache ya maandishi.

Kile kipicha cha jalada la manjano tulichozoea kukibonyeza kinatudanganya. Kinaonyesha kitu kilichobeba vitu, ilhali folda ni orodha tu: majina, na kando ya kila jina rejeo la kuonyesha data yake ilikolazwa. Aliyewahi kufanya kazi masijala ataelewa upesi. Majalada yako kabatini, na karani ana rejista inayosema jalada fulani liko rafu gani. Folda ni ile rejista, wala si kabati.

Linalofuata hapo huwashangaza hata waliotumia kompyuta miaka mingi. Jina la faili halimo ndani ya faili. Limo kwenye folda. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, faili moja linaweza kuwa na majina mawili katika folda mbili tofauti bila kunakiliwa hata baiti moja. Futa jina la kwanza, data haiguswi. Nafasi yake kwenye diski huachiliwa pale tu jina la mwisho linapoondoka.

Wazo la kupanga orodha ndani ya orodha, mithili ya ukoo wenye mababu na vitukuu, lilielezwa mwaka 1965 na R. C. Daley na P. G. Neumann katika andiko lao kuhusu mfumo wa Multics, uliokuwa ukijengwa na chuo cha MIT, Bell Labs na General Electric. Multics ilitenganisha majina ya folda kwa alama ya >. Bell Labs walipojitoa katika mradi huo, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza mwaka 1969 kujenga mfumo wao mdogo, Unix, na humo mtenganishi akawa mkwaju: /. Picha ya jalada ilikuja baadaye sana. Xerox waliiweka kwenye kioo cha kompyuta yao iitwayo Star mwaka 1981, mashine iliyouzwa kwa zaidi ya dola 16,000 na ambayo ni wachache walioinunua, kisha Apple wakaifanya picha hiyo ya kila mtu.

Microsoft walichelewa. MS-DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda kabisa. Diski nzima ilikuwa orodha moja. Folda ziliingia na toleo la 2.0 mwaka 1983, pamoja na IBM PC XT na diski yake ngumu ya megabaiti 10. Lakini mkwaju ulikwisha kupewa kazi nyingine, ya kutanguliza vikorombwezo vya amri, kwa hiyo wakachukua ule ulioegemea upande wa pili: \. Uamuzi wa watu wachache, wa kukwepa usumbufu mdogo, na mpaka leo kijana wa Morogoro au Kisumu anayeunda tovuti yake ya kwanza anaugharamia.

Masalia ya enzi hiyo bado yapo. Jaribu kutengeneza folda yenye jina CON kwenye Windows. Itakataa. CON ni jina la kibao cha herufi na kioo, lililotengwa wakati hakuna folda. Folda zilipokuja, majina ya vifaa yakaachwa yafanye kazi ndani ya kila mojawapo ili programu za zamani zisife. PRN, AUX na NUL nayo yamo kwenye marufuku hiyo.

Sasa tuje kwenye tovuti. Tuseme unamtengenezea shangazi yako tovuti ya duka la vitenge. Kwenye hati ya Word, picha ukiibandika inaingia ndani ya hati. Ukiituma hati, picha imo. Ukurasa wa tovuti si hivyo. Faili la HTML ni maandishi matupu, na mahali pa picha pana sentensi tu ya kusema: ile picha iko kule, kachukue. Rangi na mitindo ziko kwenye faili lingine la CSS, nalo linatajwa kwa njia hiyohiyo. Ukurasa, kwa hiyo, ni mkusanyiko wa majina, kama folda yenyewe. Jina likikosewa, kitenge hakionekani, hata kama picha yake ni nzuri kiasi gani.

Kosa maarufu kuliko yote ni hili. Picha iko Desktop, na programu ya kuhariri inaandika anwani yake kamili: C:\Users\Asha\Desktop\kitenge.jpg. Unafungua ukurasa kwenye kivinjari, kitenge hicho kinang'aa. Unaupandisha kwenye seva, unamtumia shangazi kiungo, naye anapiga simu kuuliza mbona anaona kisanduku kitupu chenye alama ya picha iliyochanika. Simu yake imetii ilichoambiwa, ila haina diski ya C wala haimjui Asha. Na wewe ukifungua faili lako ulilolihifadhi, bado unakiona, ndiyo maana ubishi hauishi.

Dawa ni njia inayoanzia pale ukurasa ulipo badala ya kuanzia kwenye diski: picha/kitenge.jpg. Maana yake, kutoka hapa nilipo, ingia folda ya picha, ukichukue kitenge.jpg. Ukurasa ukiwa ndani ya folda nyingine, unatanguliza nukta mbili, ../picha/kitenge.jpg, yaani panda ngazi moja kwanza. Nukta hizo mbili hazikubuniwa kwa ajili ya tovuti. Ni jina halisi ambalo Unix huliweka ndani ya kila folda, likielekeza kwa folda mzazi; nukta moja ni folda yenyewe. Rob Pike, mmoja wa watu wa Bell Labs, amesimulia kwamba desturi ya kuficha mafaili yanayoanza na nukta ilizaliwa kwa mkato wa mtunga programu aliyetaka tu majina hayo mawili yasijazane kwenye orodha. Akaandika sharti la kuruka kila jina linaloanza na nukta, na uzembe huo mdogo ukawa sheria ya ukoo mzima wa Unix.

Lakini mkwaju ufuate upande wake: /. Anwani za tovuti ziliurithi kutoka Unix, kwa sababu Tim Berners-Lee aliijenga seva ya kwanza pale CERN, Geneva, mwaka 1990, juu ya kompyuta ya NeXT iliyotumia mfumo wa ukoo huo. Windows yenyewe mara nyingi huivumilia mikwaju yote miwili, na huo ndio mtego: kazi iliyokubali nyumbani inaweza kugoma mtandaoni.

Mtego wa pili una hila zaidi. Kamera nyingi huita picha zao kwa herufi kubwa, IMG_0412.JPG. Wewe kwenye msimbo unaandika img_0412.jpg, kwa kuwa mkono umezoea herufi ndogo. Windows inaona ni kitu kimoja na kukuonyesha picha. Mac nyingi pia hufanya hivyo. Seva nyingi za tovuti hutumia Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili yasiyohusiana. Wala haifanyi kiburi. Kompyuta haioni herufi, inaona namba: katika jedwali la ASCII, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97, na kila herufi kubwa iko nyuma ya mwenziwe kwa 32 kamili. Windows hujisumbua kuzisawazisha kabla ya kutafuta faili. Linux inalinganisha namba kama zilivyo na kwenda zake. Ukiniuliza mimi, Linux ndiyo yenye adabu hapa. Huruma ya Windows inamfundisha mwanafunzi tabia itakayomwaibisha siku ya kuonyesha kazi.

Namba 32 inarudi kwa namna nyingine. Ndiyo namba ya nafasi, ile tupu inayotenga maneno, na kwa hesabu ya kumi na sita 32 huandikwa 20. Anwani ya tovuti hairuhusu nafasi, kwa hiyo faili liitwalo kitenge cha bluu.jpg husafiri likiitwa kitenge%20cha%20bluu.jpg. Linafika, ila liandike kwenye bango la dukani uone wateja wangapi watalinakili sawasawa. Kistari kinamaliza kazi: kitenge-cha-bluu.jpg.

Kuna pia kiendelezi kilichofichwa. Windows kwa kawaida haionyeshi herufi za mwisho za jina, kwa hiyo aliyeandikia kwenye Notepad anaweza kuhifadhi faili akiamini ni index.html, kumbe ni index.html.txt. Nenda kwenye mipangilio ya folda, washa maonyesho ya viendelezi, na usiyazime tena.

Na kwa nini index.html? Mgeni akiandika anwani ya duka bila kutaja ukurasa, ameitaja folda, na folda, kama tulivyoona, ni orodha. Seva inahitaji kujua ianze na faili lipi. Desturi ya jina hilo ilienezwa na seva ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyotoka mwaka 1993. Seva isipolikuta faili hilo, ama inakataa kufungua, ama, ikiwa imeruhusiwa, inamwaga orodha yenyewe: majina yote, ukubwa na tarehe, pamoja na bei-za-jumla-usitume.xlsx uliyoisahau humo.

Mpangilio wenyewe, basi, haudai makuu. Folda moja ya tovuti, yenye index.html juu kabisa; ndani yake picha, mitindo kwa ajili ya CSS, na pengine kurasa. Herufi ndogo, bila nafasi, bila ritifaa, ng'ombe.jpg aitwe ngombe.jpg, lugha itasamehe. Rasimu, risiti na picha za asili ambazo hazijapunguzwa zikae nje ya folda hiyo, kwa maana chochote kilicho ndani kinaweza kupandishwa. Na usichimbe folda ndani ya folda ndani ya folda kwa tovuti ya kurasa tano. Ni ulimbwende usio na faida.

Majina hayo yachaguliwe kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo. Ukibadili picha kuwa images wiki ya tatu, kila sentensi iliyosema picha/ inakufa. Na tovuti ikishatoka hadharani, baadhi ya sentensi hizo haziko mikononi mwako tena: ziko kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye vipeperushi, kwenye tovuti za watu wengine. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika makala nzima ya kuwasihi wenye tovuti wasibadili anwani zao.

Kabla ya kupandisha, kuna jaribio moja lisilo na gharama. Nakili folda nzima ya tovuti kwenye flashi, uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Usifanye kwenye yako, maana njia ya C bado itafika Desktop na kukudanganya. Picha isipotokea, tafuta C: au file: ndani ya msimbo, utaikuta. Kosa la herufi kubwa na ndogo halitanaswa hapo kama kompyuta hiyo nayo ni ya Windows, hivyo hilo likague kwa macho yako, jina kwa jina.