Daraja la Likoni na Nyumba Zilizo Njiani Mwake

Kwa miaka mingi sasa wakazi wa Likoni wamekuwa wakiambiwa kwamba daraja linakuja. Mpango wenyewe, unaojulikana katika nyaraka za serikali kwa jina la Mombasa Gate Bridge, ni wa kukiunganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini kwa mkopo wa Japani, ili barabara itokayo mjini isikome tena ukingoni mwa maji ikaungoja mlango wa feri ufunguliwe. Tumesikiliza maneno ya watu wa Likoni, Bofu, Timbwani na Mtongwe, misikitini na vibarazani, na mama zetu wakatujibu kutoka nyuma ya mapazia. Yale tuliyoyasikia tumeona yafaa kuyaandika, kwani mengi yake hayasemwi katika mabaraza ya chifu, ambako mwanamke aghalabu huketi nyuma na huondoka hajaulizwa.

Tuseme mapema kwamba hatukukutana na mtu asiyelitaka daraja. Nani wa Likoni atalikataa? Wazee wangali wanaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka na roho 272 zikatoka katika maji yaliyo karibu mno na nchi kavu. Vijana nao wanaikumbuka Septemba 2019, gari lenye mama na bintiye lilipotumbukia kutoka kwenye feri, na ikachukua takriban wiki mbili kabla ya kutolewa majini. Na baina ya misiba hiyo mikubwa iko mingine midogo isiyoandikwa magazetini: mja mzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, gari limesimama katika foleni, na hospitali kuu ya Makadara iko ng'ambo ya maji. Wanawake wa Likoni wakikueleza habari za feri hawaanzi na kuchelewa kazini. Huanza na uzazi.

Wapo waliodhani kwamba njia ya Dongo Kundu ingetosha. Njia hiyo, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, inatoka Miritini na kupita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza hadi kutokea Kibundani katika barabara ya Lunga Lunga. Ni kazi kubwa, na mwenye gari aendaye Ukunda anaishukuru. Lakini muuza samaki aliyeko Likoni, ambaye soko lake liko kisiwani umbali wa mita mia tano za maji, hawezi kuzunguka hadi Miritini kwa miguu. Watu zaidi ya 300,000 wanasemwa kuvuka kivuko hiki kila siku, na walio wengi wao huvuka kwa miguu yao, bila ya kulipa hata senti.

Kwa hivyo hakuna anayegombana na daraja. Swali ni nyumba ya nani itakayoondoka, na ni nani atakayeandikwa kuwa mwenyewe siku wapimaji watakapofika na kamba zao.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo wengi hawajalifikiri. Mlango wa Kilindini ndio njia ya meli kubwa ziendazo bandarini, na daraja lolote litakalojengwa juu yake sharti liwe refu kwenda juu kiasi cha meli hizo kupita chini yake. Daraja likipanda juu hivyo, barabara ya kulipandia nayo haiwezi kuanzia ufukweni. Gari haliwezi kuparamia kama mkwezi wa mnazi. Lazima ianzie mbali, ndani ya mitaa, ipande polepole au izunguke, na kila hatua ya kupanda inataka ardhi chini yake na kando yake. Ndiyo maana mtu anayekaa mbali na maji, ambaye hajawahi kujidhania kuwa jirani wa daraja, aweza kupata alama ya rangi nyekundu ukutani mwake.

Na ardhi ya Likoni si ardhi nyepesi. Msomaji wa bara huenda akashangaa, lakini sisi wa pwani twaujua vyema mtindo wa nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake mwenyewe, akaezeka, akazaa na kuoza humo, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao kwa maandishi. Wenye habari na wenye makarani walidai, na wasiokuwa na habari waliamka siku moja wakawa wapangaji katika makaburi ya babu zao. Zaidi ya miaka mia imepita, na mjukuu wa yule asiyedai ndiye leo mwenye nyumba ya vyumba sita isiyokuwa na hati.

Mtu huyu akitajiwa fidia hutetemeka. Hofu yake, kama tulivyoisikia kwa zaidi ya mmoja, ni kwamba pesa zitakwenda kwa mwenye kiwanja, ambaye labda hajaonekana mtaani tangu baba yake alipofariki, na yeye mwenye matofali ataambiwa achukue mabati yake aondoke. Hofu hii ina msingi katika desturi, lakini sheria haikumsahau. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inataka fidia iwe ya haki na ilipwe bila ya kucheleweshwa, na inaruhusu walipwe hata wale wanaoikalia ardhi kwa nia njema bila ya hati. Na Sheria ya Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 107, inapowataja wenye maslahi katika ardhi inayotwaliwa, haimtaji tu yule ambaye jina lake limo katika daftari la serikali. Inamtaja pia mke wake. Inamtaja mtu anayeikalia ardhi hiyo hasa, na inamtaja mke wa huyo naye.

Mama zetu na dada zetu, tafadhali isomeni tena sentensi hiyo ya mwisho. Tulipowaeleza baadhi ya wanawake wa Bofu, mmoja wao alituuliza mara mbili kama tuna hakika, kisha akataka tumwandikie nambari ya kifungu katika kipande cha karatasi. Tulimwandikia.

Taratibu yenyewe iko hivi. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kusudio la kuitwaa ardhi. Baada ya siku zisizopungua 30 huwekwa tarehe ya kusikiliza madai, na tarehe hiyo nayo hutangazwa siku 15 kabla. Siku hiyo ndiyo ya kufika mwenye kudai, na ushahidi wake mkononi. Wangapi katika mitaa yetu husoma Gazeti Rasmi? Msikiti husomwa na watu wote. Tunaona maimamu wa Likoni wakikubali kuutangaza mtaa utajwao gazetini baada ya sala ya Ijumaa, na walimu wa darsa za wanawake wakalirudia tangazo hilo, watakuwa wametoa sadaka ambayo haigharimu kitu.

Lakini karatasi peke yake haitoshi, na hapa twataka kukaa kidogo, kwani kosa la hapa si la serikali. Nyumba nyingi tulizozisikia habari zake zimo katika jina la marehemu. Babu alifariki, mirathi haikugawanywa, watoto wakaendelea kukaa humo kwa wema, wengine wakahamia Mtwapa, mmoja akaenda Uarabuni. Muda wote nyumba haina thamani ya kugombewa, watu ni ndugu. Siku itakapopata bei, ndugu mkubwa ndiye atakayekwenda kutia saini, kwa sababu ndiye anayejua njia ya ofisini, na dada zake watapelekewa kitu cha kuwafurahisha. Hiyo si zawadi yake kuitoa. Ni haki yao katika Kitabu.

Tuseme kwa mfano fidia imekuwa shilingi 2,400,000, na marehemu ameacha mke, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili. Baada ya madeni na wasia, mke ana thumuni, yaani 300,000. Zilizobaki, 2,100,000, hugawanywa mafungu manne: mwana wa kiume mawili, ambayo ni 1,050,000, na kila binti fungu moja, ambalo ni 525,000. Hesabu hii mtoto wa madrasa huimaliza kabla chai haijapoa. Kinachochukua miaka ni watu kukubali kuifanya. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kikatiba juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo, na familia iliyokwisha kupata hukumu ya Kadhi kabla mpimaji hajabisha hodi itafika mbele ya Tume ikiwa na neno moja. Ile isiyopata itafika na mawakili watatu, na pesa zitazuiwa mpaka wamalize kugombana.

Baadhi ya wanaume walituambia kwamba kuigawa nyumba mama akiwa bado hai ni kumkosea adabu. Hatukubaliani nao. Kumjulisha mama fungu lake na kuliandika ni adabu kubwa kuliko kumwachia shaka, na kugawa mafungu kwenye karatasi hakumlazimu mtu kuhama chumbani mwake.

Kuhusu kucheleweshwa kwa malipo, malalamiko tuliyoyasikia yalikuwa makali, na wengi walitoa mifano ya barabara nyingine za nchi hii ambako watu walihama kwanza na kulipwa baadaye, au kulipwa wakiwa makaburini. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019 ikaweka kwamba malipo yasipite mwaka mmoja tangu ardhi kuchukuliwa. Mwaka mmoja kwa mwenye mshahara ni muda. Kwa mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu alivyopangisha, ni vyakula elfu moja. Waandishi wa tarehe ya Makka wanasimulia kwamba katika mwaka wa 17 Hijria, Sayyidna Umar bin Khattab (Radhi za Allah zimshukie) alipotaka kuupanua msikiti uliokuwa umewasonga mahujaji, alizinunua nyumba za pambizoni. Waliokataa kuuza hakuwaachia waizuie njia ya umma. Alizibomoa, lakini thamani ya nyumba zao aliiweka katika hazina ya Al-Kaaba ikawangoja mpaka walipokuja kuichukua. Manufaa ya wengi yalitangulia matakwa ya wachache, ndiyo, na bei ilikuwa imetangulia kubomoa. Serikali yoyote ipendayo kutumia nusu ya kwanza ya kisa hiki yafaa isomewe na nusu ya pili.

Misikiti na makaburi yana hukumu zake. Sisi ambao ni Mashafi twajua namna mafakihi wetu walivyokaza katika kubadilisha mali ya wakfu, ilhali Mahanbali wamelegeza pale manufaa yake yanapokatika. Kwa vyovyote, msikiti ukilazimika kuondoka, fidia yake ni ya msikiti mwingine mahali pa karibu, haiingii katika mfuko wa kamati wala wa mtu. Wasimamizi wa kila wakfu ulioko kandokando ya njia hiyo wahakikishe kwamba wakfu wao umeandikishwa. Makaburi nayo, wakazi wa Mtongwe walituomba tuandike, yahesabiwe na yaonyeshwe katika ramani mapema, kwani mengi hayana majiwe na mgeni atayapita akidhani ni kichaka.

Yako pia mambo ya barabara yenyewe baada ya kwisha. Mtume (Rehema na amani zimshukie) aliamua kwamba watu wakizozana juu ya upana wa njia, iwe dhiraa saba, ambazo ni mita tatu na ushei. Barabara inayokusudiwa ni pana mara nyingi kuliko hiyo, na itaugawa mtaa mmoja kuwa miwili. Madrasa upande huu, watoto upande ule. Wenzetu wa Nairobi walipopanuliwa barabara ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, wengi walikufa wakivuka kwa miguu mahali ambapo zamani walikuwa wakipita tu. Madaraja ya watembea kwa miguu yadaiwe sasa, yakiwa bado ni michoro, maana mstari wa kalamu hufutika lakini zege halifutiki.

La mwisho tuliloulizwa lilitoka kwa wale ambao hawana nyumba wala kiwanja njiani mwa daraja, bali maisha yao yako mlangoni mwa feri: wanawake wa viazi karai, wa mahamri na mbaazi, wa mabuyu na kachiri. Wateja wao ni miguu ya watu. Kilifi ilipopata daraja lake mwaka 1991, feri ikaondoka, na watu wa hirimu yetu wangali wanawakumbuka wauza korosho waliokuwa wakiyakimbilia magari yaliyokuwa yakingoja kuvuka. Wanawake wa Likoni wameshaanza kupiga hesabu zao. Hawaulizi kama daraja litajengwa. Wanauliza kama mtu wa miguu ataruhusiwa kupita juu yake, kama atalipishwa, na kama atapita, ngazi yake itamshusha wapi, ili wajue mahali pa kuweka karai.