Mguu Ni Wangu, Maneno Ni ya Wote
Mazungumzo ya radio juu ya goti la Ronaldo na subira ya kurudi

Leo tutazungumza juu ya mpira wa miguu. Najua mama mmoja atasema: «Mpira ni mambo ya vijana, sisi tunatafuta unga.» Mama, usizime radio. Utaona kwamba jambo hili linafika mpaka mlangoni pako.

Kila mahali penye radio moja na vijana kumi, pana mabishano. Mchezaji mkubwa ameumia, miezi inapita, naye harudi uwanjani. Wa kwanza anasema: «Anaogopa.» Wa pili anasema: «Pesa zimemlewesha, hataki tena kazi.» Wa tatu anasema: «Waganga wanatuficha, mtu huyo amekwisha.» Jioni ikifika, marafiki wawili hawasalimiani tena, kwa sababu ya mguu wa mtu wasiyepata kumwona. Tuangalie basi mguu mmoja ambao dunia nzima iliubishania, tujifunze kitu.

Ni mguu wa Ronaldo wa Brazili, Ronaldo Luís Nazário de Lima, aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1976. Mwaka 1996 na mwaka 1997 alichaguliwa na FIFA kuwa mchezaji bora wa dunia. Mwaka 1997 alitoka Barcelona akaenda Inter ya Milano, Italia. Alikuwa na mbio na nguvu pamoja, na mabeki walimwogopa.

Taabu yake ilianza kuonekana mbele ya watu wote tarehe 12 Julai 1998, siku ya fainali ya Kombe la Dunia kule Ufaransa. Mchana ule alipatwa na kifafa cha ghafula katika hoteli. Karatasi ya kwanza ya majina ya wachezaji ilitoka bila jina lake. Baadaye likarudishwa, akacheza, lakini kama mtu asiyekuwapo. Brazili ilipigwa 3-0. Basi kelele zikaanza: nani alimlazimisha kucheza? Wengine walisema ni kampuni ya viatu ya Nike. Maneno yalifika hata katika bunge la Brazili, ambalo liliunda tume ya kuchunguza, na mwaka 2001 Ronaldo mwenyewe aliitwa kujibu. Ona, ugonjwa wa mtu mmoja ulikuwa shauri la taifa zima.

Kisha, tarehe 21 Novemba 1999, Inter ilipocheza na Lecce, goti lake la kuume liliumia. Alipasuliwa Paris na profesa Gérard Saillant. Akangoja chini ya miezi 5. Tarehe 12 Aprili 2000, katika fainali ya Kombe la Italia kule Roma, Inter na Lazio, aliingizwa uwanjani kipindi cha pili. Watu walishangilia: amerudi! Lakini hazikupita dakika 10. Alichukua mpira, akajaribu kumchenga beki, na goti likaachia. Hakuna aliyemgusa. Alianguka akishika goti na kulia kwa uchungu, na wachezaji wa timu zote mbili walisimama wakishika vichwa. Kano la goti lilikuwa limekatika kabisa.

Tusimame hapa kidogo, nieleze jambo la mwili, kwa kuwa wengi hawalielewi. Kano ni ile kamba ngumu inayounganisha vitu ndani ya mwili. Hili la Ronaldo linashika pia ya goti na mfupa wa mbele wa mguu. Bila hilo huwezi kunyoosha mguu wala kupanda ngazi. Sasa, ngozi ikikatika inaweza kufunga kwa siku chache. Mfupa unahitaji majuma mengi. Lakini kano linapata damu kidogo, kwa hiyo linapona polepole sana. Na jambo la hatari ni hili: uchungu unaondoka mbele ya nguvu kurudi. Mtu anatembea, anacheka, hasikii maumivu, na ndani bado kamba haijakaza. Anayemtazama kwa nje anasema: «Mbona mzima?» Naye mwenyewe anaweza kudanganyika.

Ronaldo alipasuliwa mara ya pili. Safari hii aliukosa mwaka mzima wa mashindano. Kila siku alifanya mazoezi ya kukunja na kunyoosha mguu, kama mtoto anayejifunza kutembea. Septemba 2001 ndipo alipoonekana tena na Inter katika mashindano ya Ulaya. Na hata hapo misuli ya paja ilimsumbua mara kwa mara, akawa anacheza na kupumzika.

Wakati huo Brazili ilikuwa katika shida. Kwa kutafuta njia ya Kombe la Dunia la 2002, ilipigwa mara 6 katika mechi 18, ikabadilisha makocha, ikapata nafasi yake siku ya mwisho tu, Novemba 2001. Watu walikuwa na hasira. Kocha Luiz Felipe Scolari alipotaka kumchukua Ronaldo, na kumwacha Romário ambaye alikuwa mzima na alikuwa anafunga magoli, mashabiki wengi walimpigia kelele. Walisema: «Unaacha mtu mzima na kuchukua mgonjwa?»

Ndugu wasikilizaji, hawa waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Romário alikuwa ameipatia Brazili sifa kubwa katika Kombe la mwaka 1994. Na yeye pia alijua uchungu wa jeraha: mwaka 1998 aliondolewa katika timu muda mfupi mbele ya mashindano kwa sababu ya msuli wa mguu, akalia mbele ya watu, akisema angepona kwa wakati. Waliomtetea Romário walikuwa na sababu. Waliomngojea Ronaldo walikuwa na sababu. Hivyo ndivyo yalivyo mabishano mengi ya kweli: pande zote mbili zina kipande cha haki. Ubaya hauanzi pale watu wanapotofautiana. Unaanza pale mmoja anapoacha kusema juu ya jambo na kuanza kumtukana mtu.

Mwisho wake mnaujua. Kule Korea na Japani Ronaldo alifunga magoli 8. Tarehe 30 Juni 2002 huko Yokohama, Brazili ilipiga Ujerumani 2-0, na yote mawili yalikuwa yake. Alikuwa na miaka 25. Hata hivyo nisingependa mtoke na fundisho la kwamba kila anayengoja atashinda kombe. Wengine wanangoja na hawaponi. Angalia hesabu hii tu: mara ya kwanza alirudi mapema, mguu ukakatika kabisa, mara ya pili alikawia, watu wakanung'unika, mguu ukasimama.

Kuna jambo dogo tena. Mbele ya nusu fainali paja lilikuwa linamwuma, na wapashi habari hawakuwa na neno lingine: mguu, mguu, mguu. Akanyoa nywele zote, akaacha kishungi kidogo mbele, sura ya kuchekesha. Baadaye alieleza kwamba alifanya hivyo kusudi, ili watu waache kuzungumza juu ya mguu wake. Na kweli, wote wakaanza kuzungumza juu ya nywele! Tucheke, lakini tufikiri pia. Mtu aliyeumia amechoka kuulizwa kila saa: «Utapona lini?»

Sisi Wakongomani tuna mfano wetu nyumbani. Mwaka 1974, kule Ujerumani, Léopards wa Zaïre walicheza na Brazili hiyohiyo, wakapigwa 3-0. Brazili walipewa mpira wa adhabu, na beki wetu Mwepu Ilunga akatoka mbio akaupiga yeye mbele yao. Dunia ilicheka miaka na miaka: «Waafrika hawajui kanuni.» Baadaye sana Mwepu mwenyewe alieleza kwamba kanuni alizijua vizuri, na kwamba wachezaji walikuwa na mashaka mazito siku ile, baada ya kupigwa 9-0 na Yugoslavia na kutishwa na wakubwa. Wenye kucheka waliona mguu ukipiga mpira. Hofu iliyokuwa ndani hawakuiona.

Sasa, mama uliyetaka kuzima radio, hapa ndipo mlangoni pako. Wewe umekimbia vita na watoto. Umekaa mwezi, umekaa mwaka. Na maneno yameanza. Wenyeji wanasema: «Hawa mbona hawarudi kwao? Wamezoea msaada.» Waliobaki kijijini wanasema: «Wanajifanya mabwana wa mji.» Hata ndugu yako wa tumbo moja, ambaye nyumba yake ni vyumba viwili na amekupa kimoja, anaanza kuuliza polepole. Ni maneno yaleyale ya wapenzi wa mpira: anaogopa, pesa, uongo.

Kurudi mapema kunaweza kukata kano mara ya pili. Jamaa inarudi kwa haraka, haijajua kama njia ni salama, haina mbegu wala jembe, shamba limeshikwa na mwingine. Vita vikitokea tena inakimbia mara ya pili, na mara ya pili inakimbia bila kitu. Ndiyo sababu Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, zinasema kwamba kurudi kuwe kwa hiari ya wenyewe, kwa usalama na kwa heshima. Mguu ni wa mwenye mguu.

Lakini nisiseme upande mmoja tu. Anayekupokea naye ana mzigo wake. Maharagwe aliyoweka kwa watoto wake mnakula pamoja. Akiuliza «mtarudi lini?», si lazima awe adui yako. Pengine amechoka, na aibu inamzuia kusema. Usikasirike upesi. Kaa naye chini, mweleze unachojua: «Ndugu yangu, wiki iliyopita baba alituma mtu kuangalia shamba. Bado njia si nzuri. Tutangoja mavuno yapite, tutauliza tena.» Hata Ronaldo katika kungoja hakulala kitandani tu, kila siku alifanya kazi ya kurudi. Na wewe fanya yako: saidia kulima, uliza habari, hifadhi karatasi za shamba lako, zungumza na jirani wa zamani, hata wa kabila lingine.

Kwenu wakubwa wa mitaa, mashefu, wazee wa nyumba kumi, wachungaji na walimu: ninyi ni makocha. Kelele za uwanja zinawafikia ninyi kwanza. Ninawaomba mambo matatu. Kwanza, msitangaze siku ya kurudi kwa sababu tu watu wanapiga kelele. Tumeni kwanza watu waaminifu, wanaume na wanawake, waende kuona, na warudi kusema mbele ya wote. Pili, mtu akileta neno barazani, mwulizeni: umeliona, umelisikia, au unalifikiri? Haya matatu si kitu kimoja. Tatu, msimwache anayengoja peke yake na maneno ya watu. Mtembeleeni. Na msimwache anayempokea peke yake na mzigo.

Na ninyi vijana, endeleeni kubishana juu ya mpira. Mabishano ya mpira ni matamu. Lakini fanyeni zoezi hili: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia kwanza alilosema, mpaka yeye akubali, «Ndiyo, ndivyo nilivyosema.» Kisha toa neno lako. Mkiweza kufanya hivyo juu ya goti la mchezaji, siku moja mtaweza juu ya mpaka wa shamba.

Kwa vikundi vinavyosikiliza pamoja, haya ndiyo maswali ya kuzungumza juma hili:

1. Je, umewahi kumhukumu mtu kwamba ni mvivu au mwoga, kisha ukajua taabu yake? Ulifanya nini?

2. Hapa kwetu, nani anajua kwa kweli hali ya njia na ya vijiji? Habari yake inatufikia namna gani?

3. Aliyepokea wageni anaweza kusema uchovu wake wapi, bila ugomvi?

Wasikilizaji wapendwa, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, na hekima ni kujua leo ni siku ya methali gani. Mwenye mguu atuambie, na sisi tumsikilize. Amani ikae nyumbani mwenu, hata kama nyumba hiyo leo ni ya kuazima.