Kimya Si Ridhaa
Mgeni mwenye kamera afikapo shuleni huku Nuu, watoto hupangwa mstari, hucheka, hupigwa picha. Kisha sura zao husafiri hadi wasikokujua. Twaambiwa walikubali. Je, walikubali au walinyamaza tu? Ridhaa ni moyo kuwa radhi, nao moyo hauwi radhi kwa jambo usiloelezwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yadai idhini ya mzazi. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Walimu wenzangu, tuwaeleze wazazi kwanza, tena kwa Kikamba. Sahihi kwenye karatasi isiyoeleweka nayo ni kimya.