Ajuaye Hudhani Wote Wanajua

Mnamo mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, mtafiti Elizabeth Newton aliwataka watu wagonge mezani mapigo ya nyimbo mashuhuri, huku wenzao wakisikiliza na kuzitaja. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo hizo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilizotambuliwa zilikuwa 3 tu. Mgongaji aliusikia wimbo mzima akilini mwake. Msikilizaji alisikia meza ikigongwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, wanauchumi Colin Camerer, George Loewenstein na Martin Weber walikuwa wameliandikia kosa hili wakiliita laana ya ujuzi. Mtu akishajua jambo, humwia vigumu kukumbuka hali ya kutolijua.

Laana hiyo haiko mbali na chumba cha tiba. Mtoa dawa aandikapo "1 x 3" juu ya bahasha, yeye huona kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku. Mgonjwa aweza kumeza vitatu kwa mkupuo. Daktari asemapo kwamba majibu ni chanya, mgonjwa aliyezoea kusikia neno hilo katika mambo mema huenda akamshukuru Mungu, kumbe vimelea vimeonekana.

Hata saa huleta utata. Dozi ya pili ya dawa mseto ya malaria, yenye artemetha na lumefantrini, humezwa saa 8 baada ya dozi ya kwanza. Lakini "baada ya saa nane" kwa Kiswahili huweza pia kumaanisha mchana, saa nane ikishapita. Aliyeanza dawa saa mbili usiku hupaswa kuamka saa kumi alfajiri; akiielewa kauli vingine, atangoja hadi mchana wa siku ya pili, na vimelea vitapata nafasi.

Kupaza sauti hakutibu kosa hili, wala kuuliza, "Umeelewa?" Jibu la swali hilo karibu daima ni "ndiyo", kwa heshima, kwa haya, au kwa kuihurumia foleni iliyoko nje. Lifaalo ni mhudumu kujitwika mzigo mwenyewe: "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utamweleza baba kwamba dawa hii inamezwaje?" Akikosea, maelezo hurudiwa kwa maneno mengine, kisha huulizwa tena.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kabla ya kuinuka kitini, na aseme: "Daktari, nirudie nilivyosikia." Kuuliza si ujinga, na dakika moja inayotumika hapo yaweza kuokoa dozi nzima.